Maktaba Isiyo na Mkutubi

Neno "maktaba" lilinidanganya. Sisi watu wa vitabu tukilisikia tunaona rafu, vumbi, mkutubi mwenye miwani na muhuri wa tarehe ya kurudisha. Waandishi wa programu wamelichukua neno hilo hilo kwa maana nyingine. Kwao maktaba ni furushi la msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, unalolipakua na kulitia kwenye programu yako ili usianze kila kitu upya. Unaandika mstari mmoja, furushi linashuka, kazi inaanza. Hakuna mkutubi wala muhuri. Na kama nilivyokuja kujua, wakati mwingine anayeazimwa ni wewe.

Leo ninahakiki maktaba moja ya namna hiyo, isiyo rasmi, niliyoitumia mwaka 2023 kuzungumza na chatboti ya akili mnemba bila kupita kwenye mlango wa mwenye nyumba. Jina lake silitaji, wala la chatboti yenyewe. Maktaba za aina hii zimekuwa nyingi, zinafanana kama vifaranga, na kosa nitakalolisimulia ni langu kwanza. Lakini nitaihakiki kama tunavyohakiki maandishi mengine hapa: imeandikwaje, inamfanya msomaji awe nani, na inaficha nini.

Najua kuna wasomaji watakaoguna: jamani, hili nalo ni fasihi? Vumilieni kidogo. Ndani yake mna utenzi.

Miezi mitatu bila mlango

Tuanze na historia, maana bila hiyo hatuelewani. ChatGPT ilitolewa na kampuni ya OpenAI tarehe 30 Novemba 2022. Ilikuwa ukurasa tu wa intaneti: kisanduku cha kuandikia chini, jibu juu. Watu wa kawaida walifurahi na hicho. Waandishi wa programu hawakutosheka. Walitaka kuiita kutoka ndani ya programu zao, waipe maswali mia kwa mkupuo, wao wenyewe wakiwa wamelala. Njia rasmi ya kufanya hivyo, yaani ule mlango wa waprogramu unaoitwa API, haikuwapo kwa ChatGPT mpaka tarehe 1 Machi 2023, ilipofunguliwa kwa bei ya dola 0.002 kwa kila tokeni 1,000.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo ndimo maandishi haya yalimozaliwa. Vijana wenye kompyuta na usiku mrefu walikaa wakatazama kivinjari kinavyozungumza na tovuti, wakaiga mazungumzo hayo, wakayafunga kwenye furushi, wakaliweka GitHub bure kwa yeyote.

Ufundi wake si mgumu kuueleza. Ukiingia kwenye tovuti kwa jina na nywila yako, tovuti hukipa kivinjari kipande cha maandishi kiitwacho kuki, chenye herufi nyingi zisizosomeka. Kuki hiyo ndiyo tiketi yako. Kila unapobofya, kivinjari kinaionyesha mlangoni na unaruhusiwa. Maktaba isiyo rasmi inakuambia: ifungue sehemu ya ndani ya kivinjari, itafute kuki yenye jina fulani, inakili yote, ibandike hapa. Basi. Kuanzia hapo programu inajifanya wewe. Tovuti inadhani umekaa mbele ya kioo unaandika, kumbe uko sokoni unanunua nyanya.

Wenye nyumba walipogundua, waliweka mlinzi. Mwezi huo huo wa Desemba 2022 tovuti ya ChatGPT iliwekewa ukaguzi wa Cloudflare, ule unaojaribu kutambua kama mgeni ni mtu au programu. Maktaba nazo zikatafuta hila mpya. Nyingine zilifungua kivinjari kizima kwa chinichini na kujifanya binadamu anayesogeza kipanya. Nyingine zilipitisha maombi yote kwenye seva ya mtu wa kati, aliyekuwa amekwisha kupata namna ya kumpita mlinzi. Ikumbuke hiyo seva ya mtu wa kati. Nitairudia.

Sauti ya Abunuwasi

Kila maktaba ina faili la maelezo liitwalo README. Ndilo dibaji yake. Nimesoma mengi sasa, na nathubutu kusema huu ni utanzu wenye kanuni zake kama ilivyo barua ya posa.

Huanza kwa majigambo mafupi: ni nyepesi, ni ya haraka, haihitaji kulipa. Hufuata amri, zote katika nafsi ya pili umoja: pakua, fungua, nakili, bandika. Halafu huja onyo, kwa kawaida fupi kuliko majigambo: kazi hii haihusiani na kampuni yenyewe, ukiitumia ni juu yako, akaunti yako inaweza kufungiwa. Mwishoni huwa na orodha ya masahihisho, na hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Leo imeharibika. Imetengenezwa. Imeharibika tena. Njia ya zamani imekufa, tumieni hii. Ukiyasoma kwa mfululizo unaona vita vya kijanja kati ya mtu mdogo na jumba kubwa, na mtu mdogo anashinda kila baada ya siku tatu, halafu anashindwa.

Hii ni sauti tunayoijua. Ni Abunuwasi na sultani. Mdogo hana jeshi wala hazina, ana ulimi na hila tu, na sisi wasikilizaji tuko upande wake kabla hadithi haijaanza. Nilipoisoma README ya maktaba yangu nilikuwa tayari nimeshaipenda. Kadi yangu ya benki ilikuwa inakataliwa kila nikijaribu kulipa nje ya nchi, na hapa ananijia mtu ananiambia: pita huku, uani kuko wazi. Nani angekataa?

Kama maandishi, README ile ilikuwa na uzuri wake. Sentensi fupi, hakuna maneno ya kujaza. Mwandishi anamheshimu msomaji kiasi cha kumwambia mapema kwamba kitu hiki kinaweza kufa kesho. Makampuni makubwa hayana unyofu huo. Masharti yao ya matumizi ni marefu kama safari ya treni na hakuna anayefika mwisho wake.

Lakini kuna jambo ambalo sauti ya Abunuwasi haiwezi kulisema, kwa sababu likisemwa hadithi inakwisha. Katika ngano zile, anayecheza ni Abunuwasi na shingo iliyo hatarini ni ya Abunuwasi. Kwenye maktaba isiyo rasmi mjanja ni mmoja na shingo ni ya mwingine. Kuki ni yangu. Akaunti ni yangu. Na maandishi yaliyopita humo, kama mtakavyoona, hayakuwa hata yangu.

Daftari la mjomba

Mjomba wangu yuko Tanga. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, na uzeeni ametunga utenzi kuhusu maisha ya manamba, wale vibarua waliokuja kwa mkataba kutoka mbali kukata mkonge, wakatambulika kwa namba badala ya majina. Ameuandika kwa kalamu ya wino wa buluu kwenye daftari kubwa la jalada gumu, beti zaidi ya mia tatu. Alinipa nimpigie chapa na nimwambie penye kasoro za mizani. Hakusema zaidi ya hayo.

Ubeti mmoja nauweka hapa kwa ruhusa yake, ambayo safari hii niliiomba kabla:

Twaliitwa kwa nambari,
jina likawa hatari,
ulitajapo, jeuri,
manamba tukaitiwa.

Hesabuni mkipenda. Mizani nane kila mshororo, vina vitatu vya "ri", na kituo cha "wa" anachokwenda nacho mpaka ubeti wa mwisho. Angalieni pia alivyolificha asili ya neno ndani ya ubeti wenyewe: "nambari" iko mshororo wa kwanza, "manamba" iko wa nne, na katikati yake jina la mtu linapotea. Mjomba hakusomea isimu. Anajua tu neno hilo lilitoka wapi kwa sababu lilimpitia mwilini.

Nilichapa beti zote. Halafu nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana: nizipitishe beti kwenye chatboti, moja moja, nione inazisomaje, niandike makala ya kwenye blogu hii. Kwa mkono ingechukua wiki nyingi. Kwa maktaba, usiku mmoja.

Nilichokiona nyuma ya pazia

Niwe mkweli: kama msomaji, nilijifunza kitu ambacho tovuti isingenifundisha.

Kwenye tovuti jibu linakuja kwa kudondoka, neno baada ya neno. Ni kweli mashine huzalisha hivyo hivyo, kipande baada ya kipande. Lakini macho yetu huongeza chumvi. Tunaona mtu anayewaza, anayesita, anayetafuta neno. Kwa maktaba, nilivyoipanga mimi, jibu lilitua lote kwa pamoja kwenye faili, likiwa na namba juu yake. Hakuna kusita. Nikawa nalisoma kama ninavyosoma karatasi ya mwanafunzi, na makosa yakajitokeza haraka zaidi kwa sababu hapakuwa na mwigizaji wa kumwonea huruma.

La pili ni nasaba. Katika maktaba za namna hii kila ujumbe una namba yake, na hubeba namba ya ujumbe uliouzaa. Wenyewe wanamwita mzazi. Mazungumzo ambayo kwenye kioo tunayaona kama kamba moja iliyonyooka, kumbe ni mti. Ukiuliza swali lile lile tena chini ya mzazi yule yule, linazaliwa jibu jingine, ndugu wa tumbo moja na la kwanza. Msomaji wa kawaida humwona ndugu mmoja na kudhani ndiye mtoto pekee.

Nikauliza maana ya ubeti wa mjomba mara ishirini. Majibu mengi yalisema "manamba" ni namba, tarakimu, na kwamba mshairi anazungumzia hesabu au utambulisho wa kisasa. Kadhaa yalisema ni utingo wa matatu, wale wanaoita abiria. Hiyo ni maana hai kabisa ya Kenya, lakini haina kazi kwenye shamba la mkonge. Mawili tu yalisema ni vibarua wa mashambani. Na kati ya hayo mawili, moja liliona kwamba neno limetokana na "nambari" iliyo juu yake.

Sasa fikirieni. Aliyeuliza mara moja tu kwenye tovuti angetoka na jibu gani? Angeandika "akili mnemba haijui Kiswahili", au kwa bahati angempata yule ndugu mmoja akaandika "akili mnemba ni mhakiki hodari". Nimesoma makala za aina zote mbili, na zote zimejengwa juu ya jibu moja. Tukimhakiki mwandishi hatuchukui sentensi moja. Vivyo hivyo ukitaka kuihakiki mashine hii inakubidi uwaone ndugu wote. Hilo nalisimamia mpaka leo, na nilijifunza kwa mlango wa uani.

La tatu ni mnong'onezaji. Kwenye tamthilia za zamani kulikuwa na mtu nyuma ya pazia anayemkumbusha mwigizaji maneno yake. Mlango rasmi wa waprogramu uliofunguliwa Machi 2023 ulionyesha wazi kwamba kuna nafasi tatu katika kila mazungumzo: mfumo, mtumiaji na msaidizi. Kwenye tovuti tunawaona wawili tu, sisi na msaidizi. Wa kwanza, mfumo, ndiye mnong'onezaji: humwambia msaidizi yeye ni nani, aseme kwa upole au kwa ufupi, ajiepushe na nini. Kwa hiyo ile sauti ya adabu tunayoisifu au kuikejeli ina mtunzi, naye si roboti.

Mizani

Nikaitaka nayo itunge. Nikaieleza kanuni za utenzi: mishororo minne, mizani nane, vina vitatu vya mwanzo vifanane. Ikanipa hivi:

Nakuandikia barua,
moyo wangu unaugua,
machozi yananitoka bila kupungua,
rudi nyumbani haraka.

Vina imevipata. Mizani ni tisa, tisa, kumi na nne, nane. Mshororo wa mwisho ndio pekee uliofika salama. Nilipoiambia imekosea ikaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, ikatunga upya, ikakosea pengine.

Watu hucheka hapa na kupita. Mimi naona panafaa kusimama. Mashine hizi hazisomi silabi. Maandishi hukatwa kwanza kuwa tokeni, vipande vilivyochaguliwa kwa kuangalia ni herufi zipi hukutana mara nyingi katika maandishi iliyofunzwa nayo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Neno "ninakukumbuka" kwa mtoto wa madrasa au wa shule ni vipigo sita vya mdomo. Kwa mashine linaweza kuwa vipande visivyo na uhusiano wowote na vipigo hivyo. Inaona vina kwa sababu vina vina sura. Mizani inaipita kwa sababu mizani hukaa sikioni, na sikio haina.

Na hapo kuna jambo la fedha pia. Mlango rasmi hutoza kwa tokeni. Kiswahili, kwa kuwa hukatwa vipande vingi zaidi, humgharimu mtumiaji zaidi kuliko Kiingereza kwa kusema jambo lile lile. Kwa hiyo yule anayesema "lipeni tu mpite mlango wa mbele" ajue kwamba kiingilio hakilingani kwa wote.

"Kompyuta ya nani?"

Baada ya wiki mbili akaunti yangu ilifungwa. Sikuambiwa sababu, ila sababu naijua: nilikuwa nimevunja masharti. Mazungumzo yote yaliyokuwa ndani yakaenda. Hilo halikuniuma sana, nilikuwa na nakala.

Nikarudi kwenye README kutafuta njia mpya, na safari hii nikasoma polepole, kama nilivyopaswa kusoma tangu mwanzo. Katikati ya aya ya ufundi kulikuwa na sentensi moja ambayo nilikuwa nimeiruka. Ilisema kwamba kwa mpangilio wa kawaida, maombi hupitia seva ya mtu wa kati, na kwamba mwenye seva hiyo anaweza kuiona tokeni yako ya kuingilia. Kama anaweza kuiona tokeni, anaweza kuona na kinachofuata. Beti zaidi ya mia tatu zilikuwa zimepita kwenye mikono ya mtu nisiyemjua jina, mji wala nchi.

Kwa Kiswahili tuna neno kwa hili. Kitu ulichopewa ukitunze kinaitwa amana.

Nilikwenda Tanga kumwambia. Nilikuwa nimejipanga na maelezo marefu kuhusu seva na kuki. Hayakutumika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea daftari langu?"

"Nimelileta. Ila mjomba, kuna kitu nilifanya. Beti zako nilizisomesha kwenye kompyuta, nione itasemaje."

"Kompyuta ya nani?"

Nikaanza kueleza kampuni iko Marekani, halafu kuna kijana ameandika programu, halafu kuna seva katikati.

"Nimekuuliza ya nani."

"Sijui, mjomba."

Akalipokea daftari, akalipangusa jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi. "Mimi nilikupa wewe," akasema. "Hukuniambia kuna wenzako."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Mkono wenye jina

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu. Wapenzi wa tenzi mnamjua: mshairi, mchongaji, na mwandishi wa hati mwenye mkono mzuri ajabu. Wazungu waliotafuta mashairi ya Kiswahili, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walipata hati nyingi kupitia kwake. Nyingine ziko London mpaka leo. Naye alikuwa mtu wa kati. Maandishi ya watu wengine yalipita mikononi mwake yakaenda mbali, kwa watu ambao watunzi wake hawakuwajua.

Basi kwa nini yeye tunamshukuru na ile seva inanikosesha usingizi? Nimelizungusha swali hili sana. Sidhani jibu ni kwamba yeye alikuwa rasmi. Hakuna aliyempa cheti cha kunakili. Nadhani ni kwamba mkono wake una jina. Mtaalamu akiona hati anaweza kusema huu ni mwandiko wa Kijumwa, na akaanza kuuliza: alinakili kutoka wapi, alibadili nini, alilipwa na nani? Anaulizika. Mtu wa kati anayeulizika ni sehemu ya historia ya maandishi. Asiyeulizika ni tundu ndani yake.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya, maana nitawaacha mkidhani mlango rasmi una mikono iliyo wazi. Januari 2023, katikati ya ile miezi mitatu, jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa kingono na kuyawekea alama, ili mfumo ufundishwe kuyatambua. Kwa mujibu wa jarida hilo, mkononi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Ile sauti ya adabu niliyoisema, ambayo haikutukani hata ukiichokoza, sehemu yake imesafishwa na macho ya watu wa Nairobi ambao majina yao hayapo popote kwenye ukurasa ule mzuri mweupe.

Ndipo nikakirudia kile kituo cha mjomba. Manamba tukaitiwa. Alikuwa akiandika kuhusu mkonge. Sidhani kama angehitaji maelezo marefu kuelewa haya mengine.

Hukumu

Mhakiki anatakiwa atoe hukumu, kwa hiyo natoa.

Kama chombo cha kusomea, maktaba isiyo rasmi ni bora kuliko tovuti. Inakuonyesha mti mzima, inakunyang'anya ule uchawi wa herufi zinazodondoka, inakupa nakala unayoweza kuirudia na kuibishia. Nikisikia mtu anahakiki chatboti kwa picha moja ya kioo, naomba anionyeshe majibu mengine kumi na tisa.

Kama maandishi, ni hadithi iliyosimuliwa vizuri yenye kasoro moja isiyosameheka: imeiweka hatari ya msomaji mahali ambapo msomaji mwenye haraka hapaoni. Mwandishi wake angeihamisha sentensi ile moja ikawa ya kwanza, ningeisifu bila kusita. Na mimi nina kasoro yangu: miaka yote nawasuta wanafunzi kwa kuruka dibaji, nami dibaji niliiruka.

Kama mlango, siwezi kuupendekeza kwa kitu chochote kisicho chako. Maandishi yako mwenyewe, maswali ya kuchezea, kazi za watunzi waliokufa zamani ambazo ziko hadharani, hayo utaamua na nafsi yako na masharti ya mwenye nyumba. Lakini muswada wa mtu aliye hai, hata akiwa mjomba, hata akiwa hatajua kamwe, hapana. Mlango rasmi nao si jibu la yote: kabla ya kupitisha humo kazi ya mwenzako, muulize kwanza kwa lugha anayoielewa, ukianza na swali lake: kompyuta ya nani?

Kuna njia ya tatu ambayo imekomaa tangu wakati ule. Tangu mwaka 2023, kampuni kama Meta ilipotoa Llama 2 mwezi Julai, zimekuwapo mashine ndogo za lugha ambazo unaweza kuzipakua zote na kuziendesha kwenye kompyuta yako, intaneti ikiwa imezimwa. Nimejaribu. Kiswahili chake kinachechemea kuliko cha wakubwa, na mizani hazijui vile vile. Lakini nikiulizwa ni kompyuta ya nani, ninalo jibu.

Utenzi wa mjomba nimemaliza kuusahihisha kwa njia ya zamani: yeye anasoma kwa sauti, mimi nagonga meza kwa kidole. Tuliona mishororo minne iliyozidi mizani. Mitatu akairekebisha papo hapo. Wa nne alikataa kuugusa, akasema kibarua mwenyewe siku hiyo alikuwa amezidi.

Nilipokuwa naondoka alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Alikuwa ameandika orodha ya waliousoma utenzi wake: marehemu mkewe, rafiki yake mmoja waliyekata naye mkonge, mimi. Chini ya jina langu, kwa wino ule ule wa buluu, alikuwa ameongeza mstari mmoja: "na mashine ya mtu nisiyemjua."